Pipa la Mvua ya Kwanza

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mtia rangi vitambaa. Mtaa mzima ulimwita Bi Samawati kwa sababu mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni. Akikupa mkono, unakagua kiganja chako kwanza, ndipo unaitikia salamu. Mumewe, fundi wa mabati na mifereji, hakuchoka kuwaambia wageni, "Mimi niliposa binadamu, nikaletewa kipande cha anga."

Buluu hiyo ilitoka kwenye maharage meusi. Watu hawaamini mpaka waone. Unayaloweka kwenye maji baridi kutwa kucha, huyakorogi, na ukipita karibu hupigi hata chafya. Maji yakishakolea kama wino unayachota juujuu kwa kikombe, machicha unayaacha chini. Kisha unachukua kitambaa ulichokwisha kukiloweka kwenye shabu, yale mawe meupe yanayoifanya rangi ishike, na kukisuuza, unakilaza humo. Kikitoka kina rangi ya alfajiri, ile ya kabla jua halijajitokeza. Maharage yenyewe hayakutupwa. Yalipikwa, tukala, tukala tena, mpaka binamu zangu wakawa wanaapa kwamba wakihama nyumba ile hawataki kuona harage hata kwenye picha.

Lakini maharage yanachagua maji. Maji ya bomba ya mji wetu yalikuwa na chokaa, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, na rangi ikikutana nayo inageuka kijani kama ya bwawa. Kwa hiyo shangazi alitumia maji ya mvua. Mumewe alizungusha mifereji paa zima, akaweka mapipa mawili makubwa uani. Mvua ikianza, maji yanaingia pipa la kwanza. Likijaa, mzee anatoka na koti lake la plastiki, anageuza mdomo wa mfereji uelekee la pili. Kazi hiyo aliifanya kwa maringo, kama nahodha anayegeuza usukani.

Mwaka ninaousimulia, jua liliwaka miezi mitano bila tone. Vumbi lilikaa juu ya majani mpaka miti ikaonekana imezeeka. Upande wa bonde, umbali wa saa moja kwa baiskeli, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba, na siku zisizo na upepo moshi wake ulikuja kututembelea, ukatukwaruza koo. Tulikohoa, tukafunga madirisha, maisha yakaendelea.

Katika ukame huo kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya mji alimletea shangazi mashati thelathini na sita meupe ya pamba, yatiwe buluu. Daraja jipya lilikuwa linafunguliwa, na bendi ndiyo ingetangulia kulivuka. Shangazi aliyachovya kwenye shabu, akayasuuza, akangoja mvua.

Mvua ilikuja siku kumi kabla ya sherehe, mchana kweupe, kwa kishindo. Mapipa yote mawili yalijaa. Shangazi aliloweka maharage ya gunia moja kwenye ndoo mbili kubwa, moja kwa maji ya pipa la kwanza, nyingine kwa maji ya pipa la pili. Maji yalipokolea akayachota, akatia mashati kumi na nane huku na kumi na nane kule. Kesho yake akayatoa, akayaanika, akaenda kupumzika.

Mimi wakati huo nilifanya kazi posta, nyumba yangu ikipakana na yake. Nilirudi kula chakula cha mchana nikamkuta amesimama uani, mikono kiunoni, mbele ya kamba mbili za nguo. Kamba moja ilikuwa buluu safi. Nyingine ilikuwa zambarau yenye wekundu ndani yake, kama jamu iliyomwagikiwa na maziwa.

"Binti yangu," aliniambia bila kugeuka, "macho yangu yamezeeka, au unaona ninachokiona?"

"Naona, shangazi."

"Maharage yaleyale. Shabu ileile. Pamba ileile. Mkono uleule." Akaniinulia mkono huo, kama ushahidi.

Mumewe alichungulia dirishani, akaona, akarudisha kichwa ndani taratibu. Alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka thelathini na mbili. Alijua wakati wa kuchungulia na wakati wa kutochungulia.

Maharage yalikwisha na siku zilikuwa zinayoyoma. Ikabidi kiongozi wa bendi aitwe. Alikuwa mtu mrefu mwenye mashavu makubwa ya kupuliza, na alipoona kamba zile mashavu yalinywea.

"Bi Samawati," alisema, "hii bendi ni moja au mbili?"

"Kiongozi, sina la kusema. Nimeharibu, na nitakueleza ukweli: sijui nimeharibu vipi."

Yule bwana alitembea kati ya zile kamba, akaenda, akarudi. Akashika shati la buluu, akashika la zambarau. Halafu akaanza kupiga mdundo kwa mguu, polepole, kama mtu anayesikia kitu mbali.

"Safu mbili," alisema mwishowe. "Siku zote tunatembea safu moja kama siafu. Tukitembea safu mbili, buluu inauliza, zambarau inajibu. Tarumbeta huku, tarumbeta kule." Akamgeukia shangazi, mashavu yamejaa tena. "Mama, usiguse chochote!"

Siku ya daraja watu walipiga vigelegele mpaka mkata utepe akasahau kukata utepe. Safu ya buluu ilipuliza swali, safu ya zambarau ikapuliza jibu, na katikati ya daraja zikapishana kama vidole vya mikono miwili. Wote waliamini ulikuwa ubunifu. Watu watatu walimwendea shangazi palepale wakitaka mashati ya "rangi ndugu".

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akanyamaza. Shangazi alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema, "Sifa nimepewa. Sababu sijapewa."

Hapa inafaa nieleze jambo moja. Shangazi aliacha shule akiwa darasa la sita. Babu aliugua, nyumba ikahitaji mikono, na mikono iliyokuwa tayari ilikuwa yake. Baba yangu, mdogo wake, ndiye aliyeendelea mpaka akawa mwalimu mkuu. Sijapata kumsikia shangazi akilalamika. Ila watoto wake watatu walipokuwa wanasoma, kila mwisho wa muhula alichukua madaftari yao ya sayansi, akayasoma moja baada ya jingine huku miguu ameiloweka kwenye beseni. Akifika penye alama ya kosa, anataka aelezwe kosa ni nini. Binamu yangu wa mwisho alikuwa akisema alisoma sekondari mara mbili, mara moja kwa mwalimu na mara ya pili kwa mama.

Basi mtu huyo ndiye aliyekaa uani akitazama mapipa mawili. Mshukiwa wa kwanza alikuwa paa.

"Mabati yako yana kutu," alimwambia mumewe. "Mvua ya kwanza imeosha kutu, ikaingia pipa la kwanza."

Ungedhani amemtukania ukoo. "Mabati yangu?" mzee alisema. "Mabati niliyoyapiga kwa mkono huu? Mama watoto, sema maharage yako yalikuwa na wazimu, lakini mabati yangu niachie!" Siku hiyohiyo alipanda juu ya paa na brashi, akalisugua lote, akashuka amelowa jasho, akaapa kwamba mtu angeweza kulia ubwabwa pale.

Shangazi akatafuta njia ya kulitoa paa katika kesi. Aliweka meza katikati ya uwanja, mbali na mti na mbali na nyumba, akapanga juu yake mabakuli meupe kumi na mawili, yote yamefunikwa visahani. Wiki mbili za jua zikapita. Mawingu yalipokusanyika jioni moja, alimwita mumewe na saa ya mezani. Tone la kwanza lilipodondoka alifunua bakuli la kwanza. Kila baada ya dakika tano mzee alipaza sauti, "Sasa!" naye akafunika moja na kufunua jingine. Walisimama hivyo saa nzima, yeye amelowa chapachapa, mzee chini ya mwavuli akiikumbatia saa kama kitoto kichanga. Jirani wa upande wa pili aliegemea ukuta wake kuwatazama, sufuria yake jikoni ikaungua.

Mvua ilipokatika waliingiza mabakuli ndani. Shangazi alitia katika kila moja kijiko kimoja cha maji ya maharage. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. La kwanza likawa na wekundu. La pili vilevile, la tatu zambarau, la tano zambarau ya kuelekea buluu, na kuanzia la nane mpaka la mwisho buluu tupu. Kama ngazi ya rangi, na hakuna kidato kilichorukwa.

Kisha mzee akakohoa.

"Kwa hiyo mabati yangu hayana kosa."

"Hayana kosa, mume wangu."

"Sema kwa sauti, jirani asikie."

"MABATI YAKO HAYANA KOSA!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini baada ya kucheka shangazi alitazama dari, kana kwamba anaona kupitia dari hiyo. "Basi ni huko juu," alisema. "Mvua yenyewe inaanza hivi na kumalizika vile."

Asubuhi alimimina maji ya kila bakuli yaliyobaki kwenye chupa ndogo za dawa, akazipa namba, akapanda nazo mpaka kituo cha hali ya hewa. Kilikuwa juu ya kilima nyuma ya hospitali: kijumba kimoja, uzio, na sanduku jeupe lenye vipimajoto. Aliyekuwapo ni mpima hewa, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Shangazi aliniambia alikuwa amejiandaa kuchekwa, na njiani alikuwa amekwisha kutunga jibu kali. Jibu hilo halikupata kazi.

Mpima hewa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaleta kifaa kidogo cha kupimia uchachu wa maji, akakichovya katika chupa moja baada ya nyingine, akiandika. Alipomaliza aliivaa miwani vizuri.

"Dada, chupa zako zimejipanga zenyewe. Ya kwanza ni chachu kupita zote, na uchachu unapungua mpaka ya mwisho. Nani alikufundisha kuzifunika kwa zamu?"

"Nilikuwa nagombana na mume wangu kuhusu paa."

Mpima hewa alicheka, akavuta kiti, akamweleza. Hewa, alisema, ina gesi nyingi zilizochanganyika, na hazifanani tabia. Nyingine hazitaki maji kabisa. Mvua inazipita na zenyewe zinabaki zilipo. Nyingine zikigusa maji tu zinayeyuka humo.

"Kama rangi na kitambaa," shangazi alisema. "Nailoni inaikataa buluu yangu. Pamba inainywa."

"Hivyohivyo. Sasa moshi wa makaa na wa mawe yenye kiberiti, yaani salfa, kama yale ya shaba, una gesi ya kundi la pamba. Ikiingia kwenye tone, inageuka tindikali. Ndiyo inayoyapa maharage yako wekundu."

"Inaingia wakati tone linaanguka?"

"Inaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndani ya wingu lenyewe. Wingu ni vitone, kila kimoja kidogo kuliko chembe ya unga, kimejishika kwenye punje ya vumbi. Kwa kuwa ni vidogo na ni vingi mno, ukiunganisha ngozi zao zote unapata eneo kubwa ajabu la kugusana na hewa. Vinaelea humo muda mrefu, vinainywa gesi taratibu. Njia ya pili ni pale vinapoungana vikawa mvua: vikianguka, vinakusanya iliyobaki chini ya wingu, huku tunakoishi sisi. Baada ya miezi mitano ya ukame, matone ya kwanza yana kazi kubwa. Yanayofuata yanakuta hewa imekwisha kufuliwa."

Shangazi aliligeuza jambo hilo kichwani. Halafu akauliza, "Na wingu lisiponyesha? Maana yapo mengi yanakuja, yanatutia matumaini, yanaondoka."

Mpima hewa alivua miwani yake. "Miaka kumi na tisa niko hapa," alisema, "na mtu wa kwanza kuniuliza hilo ni wewe. Lisiponyesha, vitone vinakauka, na sehemu kubwa ya gesi inarudi hewani."

"Kumbe! Linafua nguo halafu linamwaga maji machafu palepale chumbani!"

Walicheka wote wawili, na urafiki wao ulianzia hapo. Tangu siku hiyo waliitana shoga.

Shangazi akawa mpokea mvua wa kituo, bila cheo na bila meza. Kila mvua aliipanga kwenye mabakuli yake, akaandika siku, saa, upande wa upepo na rangi. Mzee aliendelea na saa yake, na siku moja alipopata mafua alimtuma mtu kuja kuniita posta, kwa maneno haya: "Njoo ushike zamu, mvua haingoji mgonjwa." Nikaomba ruhusa. Mkuu wangu wa kazi aliuliza ni dharura gani. Nikasema ni ya kifamilia, na sikusema uongo.

Kwa misimu miwili daftari lilijaa. Shangazi aligundua kwamba upepo ukitoka bondeni kwenye shaba, bakuli la kwanza ni jekundu. Ukitoka upande wa misitu, hata la kwanza lina buluu. Aligundua pia kwamba manyunyu huleta wekundu mkali kuliko mvua kubwa. Alipokwenda kumuuliza shoga yake, alijijibu mwenyewe mlangoni: "Usiniambie! Maji ni machache, na rangi ni ileile. Ni kama ndoo iliyopungua."

Wakati huo kiwanda cha shaba kilikuwa na mpango wa kusafisha moshi wake. Sitasema mpango ulitokana na shangazi. Ulikuwa mezani kabla yake. Lakini mhandisi wao, kijana mpole mwenye kofia ya njano, alisikia habari za daftari, akaja kuliona. Alikaa uani nusu siku akiligeuza kurasa. Kisha akachora kwenye karatasi mnara mrefu: moshi unaingia chini, juu yanamwagika manyunyu membamba ya maji yenye chokaa, na kinachotoka kileleni ni hewa iliyoacha tindikali yake njiani.

"Kwa nini manyunyu membamba?" mzee aliuliza. "Si mngemwaga maji tu, kama mfereji?"

Kabla mhandisi hajafungua kinywa, shangazi alidakia. "Ngozi nyingi! Matone madogo yana ngozi nyingi. Kijana wangu, nyinyi mnajenga wingu ndani ya bomba la moshi!"

"Ndiyo hasa, mama," alisema mhandisi. "Ila sikuwahi kulisema vizuri hivyo."

Mnara uliwashwa mwaka uliofuata. Mvua ya kwanza ya msimu huo, upepo ukitoka bondeni, bakuli la kwanza lilitoka zambarau hafifu tu. La tatu likawa buluu. Shangazi alimshika mumewe mkono wakacheza dansi kuizunguka meza, saa ikiwa bado kwapani mwa mzee, ikalia kengele, wakacheza na kengele yake.

Mwaka huohuo wapimaji wa hali ya hewa wa vituo vyote walikutana katika ukumbi wa mji, na mpima hewa akaomba shoga yake apewe nafasi ya kuzungumza. Baba yangu alikaa mstari wa mbele. Shangazi alipanda jukwaani na gauni la buluu na mikono ya buluu, usingejua mkono unaanzia wapi, akapanga mabakuli, akamimina kijiko kwa kijiko huku akieleza. Kisha watu wa nyuma wakasimama ili waone, na wa mbele wakasimama kwa sababu wa nyuma wamesimama. Bwana mmoja mwenye tai alinyoosha mkono.

"Samahani mama, haya umesomea wapi?"

"Uani," alisema shangazi.

Kicheko kilipotulia, makofi yalianza na hayakutaka kuisha. Nilimtazama baba. Mzee wa watu, mwalimu mkuu aliyetisha vizazi, alikuwa analia waziwazi na hajifuti. "Ni dada yangu," alikuwa anamwambia jirani yake, mtu asiyemfahamu hata kidogo. "Unamwona? Yule ni dada yangu."

Ungedhani hapo amefika. Lakini wiki tatu baadaye, asubuhi ya manyunyu, alinigongea dirisha nikiwa bado napiga mswaki. Mkononi alikuwa na bakuli, na ndani yake maji yamegeuka kuelekea kijani. Si wekundu, si buluu. Sijapata kumwona na furaha kama ile.

"Mvua imegeukia upande wa pili!" alisema. "Nimekwenda kwa shoga yangu. Anasema ipo gesi nyingine inayopenda maji kuliko hata ile ya shaba, inaitwa amonia, inatoka kwenye samadi na mikojo. Hiyo inaua uchachu. Na upepo wa leo unatoka wapi?"

"Sijui, shangazi."

"Kusini! Na kusini kuna nini? Vaa viatu."

Tukatembea kusini, yeye mbele, mimi nyuma na kofia ya mvua, mpaka tukafika kwenye mabanda marefu ya kuku, maelfu kwa maelfu, yaliyojengwa mwezi uliopita bila sisi kujua. Mfugaji alitoka na glavu zake, akatutazama tulivyolowa.

"Karibuni, mama zangu. Mmekuja kununua mayai?"

"Hapana, baba," alisema shangazi, akavuta pumzi ndefu, macho yakamtoka machozi kwa ukali wa harufu, akatabasamu. "Tumekuja kunusa."